Maji Kwanza, Maua Mwisho

Atakayekutembeza katika bustani ya kale atakuonyesha maua kwanza. Mwache aonyeshe, mshukuru, halafu mwombe akupeleke mahali maji yalipokuwa yakiingilia. Maua yanayochanua leo yamepandwa juzi, na hata yale ya kudumu huishi miaka michache yakang'olewa. Hayajui lolote kuhusu mtu aliyeipanga bustani hiyo zaidi ya karne moja iliyopita. Mwongozo huu unahusu bustani za namna hiyo, zilizozunguka kasri, nyumba ya mtemi, makazi ya ofisa wa kikoloni au misheni. Mwenyewe hayupo tena, nyumba pengine imeanguka, lakini bustani ingalipo kwa kiasi fulani. Kazi ya mtazamaji ni kukipima hicho kiasi.

Nawaandikia hasa watu wa Turwa na wenzetu wa Tarime na Serengeti, kwa kuwa macho ya kazi hii tunayo tayari. Mtu aliyekulia kwetu akipita penye hame hahitaji kuambiwa. Akiona mahindi ya duara moja katikati ya shamba yamekolea ukijani kuliko mengine, anajua hapo palikuwa na zizi la ng'ombe na nyumba zilikuwa zimelizunguka. Akiona mstari wa minyaa unaoanza porini na kuishia porini, anajua ule ulikuwa ua wa mji wa mtu, na pengo lililo katikati yake ndilo lilikuwa lango. Macho hayohayo, yakinolewa kidogo, yanatosha kuihukumu bustani ya sultani.

Basi tuanze na ya sultani. Maruhubi iko kama kilomita 4 kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kandokando ya bahari, kwenye njia ya Bububu. Kasri lake lilijengwa kati ya 1880 na 1882 kwa amri ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ili wakae mkewe na masuria wake. Moto uliliteketeza mwaka 1899. Boriti, sakafu na roshani za mbao zote ziliungua, zikabaki nguzo kubwa za mawe, mabaki ya hamamu, mabirika na miembe. Ninaipenda Maruhubi kama mahali pa kujifunzia kwa sababu hiyohiyo: nyumba imeondoka, na bustani haina tena pa kujificha. Kila kilichopangwa vizuri kinaonekana, na kila kilichoharibiwa kinaonekana pia.

Yatafute maji. Maruhubi utaona nguzo zilizokuwa zimebeba mfereji wa kuyapeleka kwenye mabirika. Simama mwanzo wa safu hiyo uitazame hadi mwisho. Fundi mzuri alishusha mfereji polepole, kwa kipimo kilekile toka nguzo hadi nguzo, hata maji yakafika yakitiririka bila kurukaruka. Penye mteremko wa ghafla jua kwamba ama ardhi ilimshinda, ama nguzo imetitia baadaye. Ukifika kwenye birika, usitazame maji, tazama ukingo na pembe zake. Lipu ya chokaa iliyopigwa na fundi hodari ni laini mkononi na pembe zake za ndani zimeviringwa, kwa sababu pembe kali ndiyo hupasuka kwanza na kuanza kuvuja. Kisha tafuta viraka. Kiraka cha chokaa kwenye ukuta wa chokaa ni matengenezo. Kiraka cha saruji ni jeraha. Saruji ni ngumu kuliko mawe ya matumbawe, hairuhusu unyevu kutoka, na chumvi inayobaki nyuma yake hulila jiwe taratibu mpaka kiraka kinadondoka na kipande cha ukuta. Nikiona saruji kwenye birika la kale, hukumu yangu hushuka hata kama bustani yote imefagiliwa vizuri.

Mabirika ya Maruhubi yamefunikwa na mayungiyungi, na wageni huyapiga picha sana. Yanapendeza, sikatai. Ila maji yale yalikusudiwa watu, na birika lililojaa mayungiyungi limegeuka dimbwi ambalo sakafu yake haiwezi kukaguliwa. Ningekuwa na sauti katika jambo hilo ningeacha birika moja na mayungiyungi yake, na lingine ningelisafisha ili kijana wa shule auone ufundi wa chini.

Nayapa maji uzito huu kwa sababu ndiyo yaliyotangulia katika akili ya waliojenga. Ukoo wa Barghash ulitoka Oman, nchi ambako bustani huanzia kwenye falaji, mfereji unaoteremsha maji kutoka mlimani kwa mteremko mdogo kabisa, na watu hugawana maji hayo kwa saa. Mifumo mitano ya falaji iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtu wa asili hiyo hapandi mche kabla hajajua maji yatapita wapi. Barghash huyohuyo ndiye aliyewaletea watu wa mjini Unguja maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Na kasri la baba yake Seyyid Said, Mtoni, lilisimama penye mto. Bintiye Salme alizaliwa hapo mwaka 1844, na katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 akaeleza hamamu, michungwa na ua wenye tausi na paa. Atakayezuru Mtoni na asiutafute mto ameona kuta tu.

Baada ya maji, ukuta. Hapa Maruhubi ina habari inayonifurahisha. Barghash alizuru Uingereza mwaka 1875, akaonyeshwa mashamba makubwa ya mabwana wa kule, ambamo nyumba husimama katikati ya bustani na mbuga iliyozungukwa na ukuta mrefu. Inaelezwa kwamba kuta kubwa alizoagiza kwa ajili ya Maruhubi zilitokana na alizoziona huko. Fikiria basi: wazo la Kiingereza, jiwe la matumbawe, chokaa iliyochomwa kisiwani, na maji yaliyopangwa Kiomani. Bustani ya kale nzuri huwa na mchanganyiko wa namna hii, na mtazamaji mzuri hasumbuki kutafuta usafi wa asili. Anauliza kama mambo hayo yameshikana. Kama ukuta wa kuigwa ungezuia upepo wa bahari usifike chini ya miembe, huo ungekuwa uigaji wa kijinga. Simama ndani yake saa za alasiri, usikilize upepo, utapata jibu lako.

Ukitaka kujifunza ukuta bila kupanda boti, vuka mpaka wa Sirari uende Thimlich Ohinga, kaskazini magharibi ya mji wa Migori. Ni maboma ya mawe yanayokadiriwa kujengwa karne ya 16, na yamo katika Urithi wa Dunia tangu 2018. Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na hazina udongo wala chokaa ya kushikanisha. Mafundi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, kisha katikati wakashindilia mawe madogo yanayozifunga pamoja. Ndani mna mazizi na kuta ndogo za kuzuia udongo wa bustani za chakula. Kwangu mimi hizo ni bustani za kale kwa haki kamili, na ni za karibu nasi kuliko zote. Hukumu ya ukuta wa aina hii ni rahisi kuisema na ngumu kuipata: kila jiwe likalie mawili, na maungio ya safu moja yasifuatane na ya safu iliyo chini yake. Tazama lango kwa makini zaidi. Linta ni jiwe moja refu, na kama limekaa bila ufa chini ya mzigo wa karne kadhaa, aliyelichagua alilijua jiwe. Sehemu zilizojengwa upya utazigundua kwa rangi. Jiwe la zamani limeota kuvu la kijivu upande wa jua na mvua, na jiwe lililogeuzwa huonyesha upande mweupe.

Ukuta una kazi nyingine ambayo wengi huisahau. Bustani isiyo na mpaka huliwa. Ile ya Dar es Salaam ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann kwa ajili ya kujaribu mimea ya biashara. Leo kilichobaki karibu na Makumbusho ya Taifa ni kipande tu, kimezungukwa na barabara na ofisi. Kila kilichochukuliwa kilichukuliwa kwa sababu nzuri ya wakati wake. Kabla hujasifu mti wowote, omba ramani ya zamani au muulize mzee, ujue mpaka ulipita wapi.

Sasa miti. Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu, kwa sababu miti ndiyo hati pekee inayoendelea kujiandika. Miembe ya Maruhubi inasimuliwa kuwa ililetwa kutoka India kwa agizo la Barghash, ambaye alikuwa amekaa Bombay uhamishoni kabla ya kutawala. Kasri lilijengwa chini ya miaka kumi baada ya kimbunga cha 1872 kilichong'oa mikarafuu na miti mingi ya Unguja, kwa hiyo aliyepanda Maruhubi alikuwa akipanda katika kisiwa kilichojua miti inavyoweza kutoweka kwa usiku mmoja.

Kwanza pima mstari. Tembea kutoka shina hadi shina ukihesabu hatua. Hatua zikilingana, ulipandwa na mtu. Ukikuta nafasi maradufu, kuna mti uliokufa hapo. Ukikuta shina jembamba lililo sawasawa kwenye mstari, kuna mtu alijaza pengo kwa heshima, na huyo apewe sifa. Shina lililo nje ya mstari ni la maotea. Hilo si kosa, ila lisihesabiwe miongoni mwa ya kale.

Pili, tazama mti ulipoanza kutawanya matawi. Mwembe uliokulia kwenye uwazi hutawanyika chini na kupanuka. Uliokulia kati ya wengine hukimbilia juu ukitafuta jua, na shina lake huwa refu na tupu. Kwa hiyo mwembe wenye matawi ya chini, uliozingirwa sasa na kichaka, unakuambia kwamba zamani kichaka hicho hakikuwepo na hapo palikuwa uwanja. Nimeona watu wakibishana juu ya umbo la bustani mbele ya mti unaotoa ushahidi wazi namna hiyo.

Tatu, pima unene wa shina kwa utepe, mita 1.3 kutoka ardhini, na uandike. Unene hautakupa mwaka wa kupandwa, kwa kuwa udongo na maji huuharakisha au kuuchelewesha. Hata hivyo miti iliyopandwa pamoja mahali pamoja hukaribiana unene, na ule unaopishana sana na wenzake ulizwe historia yake.

Kwetu juu Turwa mwembe hauna raha kama ulionao Unguja, kwa sababu ya baridi ya mwinuko. Nyua zetu za kale zisomwe kwa miti mingine. Mistari miwili ya migrevilea mizee isiyo na kitu chini yake mara nyingi inamaanisha palikuwa na kahawa, kwa sababu mgrevilea ulipandwa kuipa miche kivuli. Mikaratusi mikubwa inayozunguka uwanja ni alama ya ofisi au misheni ya zamani. Nayo ni minywaji mikubwa ya maji, basi tazama kama kisima cha jirani kimekauka kabla ya kusema ihifadhiwe yote. Mkuyu uliokuwepo kabla ya nyumba, na nyumba ikajengwa kwa kuupisha, unaheshimiwa kuliko miti yote iliyopandwa.

Kuna bustani za miti ambazo uzuri wake una deni. Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ilianzishwa mwaka 1902 kuwa taasisi ya Wajerumani ya kilimo na biolojia. Walileta miti kutoka Asia, Amerika na pembe nyingine za Afrika wakaipanda kwa vitalu vilivyopangwa: mikwinini, mipira, mikafuri, viungo. Kama kazi ya upangaji, ni ya daraja la juu, na anayependa miti atatembea pale akistaajabu. Lakini msizi, mti wa upande wetu wa Ziwa Victoria ambao si mwenyeji wa Usambara, ulitoka ukaingia msituni. Hondohondo walikula matunda yake na kusambaza mbegu, ukaota kila penye upenyo. Hukumu ya bustani haiishii kwenye uzio wake. Zunguka nje, mita mia mbili hivi, uone ni kitu gani kimetoroka. Amani imo ndani ya hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na mzigo wa mti huo uko mikononi mwa wahifadhi mpaka leo.

Upogoaji ni ufundi unaoweza kuusoma hata kama mpogoaji amekufa. Mkato mzuri ni safi, umefuata kola ya tawi pale linapoungana na shina, na gome limeufunga pande zote. Mkato wa panga huacha kisiki kinachooza na kuingiza mchwa ndani ya moyo wa mti. Kilele cha ufundi huu ninachokifahamu ni Levens Hall, kaskazini mwa Uingereza, ambako Guillaume Beaumont alianza kupanga bustani mwaka 1694 kwa miti ya yuu inayokatwa maumbo. Ingalipo. Karne ya 18 mitindo ilibadilika, mabwana wengi wa Kiingereza wakazing'oa bustani za namna hiyo ili wapate nyasi na vilima vya kupangwa kwa mtindo wa Lancelot Brown. Wenye Levens hawakufuata. Maumbo yake leo yamevimba na kuinama, hayafanani tena na yalivyokuwa, na mtunzaji anayeyakata kila mwaka anafuata mstari alioachiwa na aliyemtangulia. Hakuna mchoro unaoweza kuchukua nafasi ya urithi huo wa mkono.

Mambo ya kukutia shaka ni machache, na ukishayajua utayaona toka getini. Pevingi mpya iliyopita juu ya mizizi ya mti mzee: mizizi haipumui, mti utaanza kukauka kileleni. Mawe ya kandokando ya njia yaliyopakwa chokaa, na mashina yaliyopakwa hadi kifuani: usafi huo wa kusubiri mgeni rasmi unaficha nyufa na njia za mchwa ambazo ndizo ulikuja kuzikagua. Miashoki iliyosimamishwa mstari mbele ya ukuta wa kale. Ukoka uliotandazwa mpaka shinani, ambapo majani yaliyoanguka yangeachwa yawe matandazo. Kila moja ya hayo limefanywa na mtu aliyetaka kupendezesha, na ndiyo sababu ni vigumu kuyazuia.

Kuna utunzaji wa kinyume chake. Butiama, kwenye kilima cha Mwitongo, penye kaburi la Mtemi Burito Nyerere aliyefariki 1942 na la mwanawe Mwalimu Julius Nyerere, mawe makubwa na miti vimeachwa vitawale mahali, na nyumba zimekaa kwa kuvipisha. Msitu wa Muhunda wa hapohapo umedumu kwa mwiko: Wazanaki wanaamini ni makao ya mizimu yao, hivyo hapakatwi ovyo. Mwiko ni chombo cha bustani, sawa na mkasi. Unapohukumu eneo la mtemi au la matambiko, uliza ni nini kilikatazwa kufanyika hapo, kwa sababu umbo unaloliona limetokana na makatazo hayo.

Maua sasa, kwa ufupi. Katika bustani za pwani yahukumiwe kwa pua, tena jioni. Asumini, kilua, mlangilangi, waridi na mrehani vilipandwa karibu na vibaraza na njia za kwendea hamamuni ili wanawake wavune vikuba bila kwenda mbali. Bustani iliyojaa bogenvilia za rangi tano na haina harufu hata moja imepandwa kwa ajili ya kamera. Inapendeza, lakini usiiite ya kale.

Usiondoke bila kuzungumza na mtunza bustani, na umwamkie kama anavyostahili, maana mara nyingi ndiye mzee kuliko wote kazini na ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Muulize ni mti gani umekufa akiwa yeye yupo na ulisimama wapi. Muulize maji hutuama wapi wakati wa masika. Muulize ni nani aliyemfundisha. Akijibu la tatu kwa jina la mtu aliyefanya kazi hapohapo, bustani ina mnyororo usiokatika, na hilo naliweka juu ya umri wa mti wowote. Akisema amekuja na mkandarasi mwezi uliopita, punguza alama.

Kwa wenye nyua za kale huku kwetu, ushauri wangu ni mmoja, na unahusu mti unaokaribia kufa. Msingoje ukauke. Uliopandwa kwa mbegu msiurudishie kwa mbegu yake pekee, kwa sababu mbegu ya mwembe au ya parachichi inaweza kutoa mti mwingine kabisa. Chukueni vikonyo vyenye unene wa penseli kutoka tawi lenye afya, macho yake yakiwa yamevimba bila kufunguka. Bebesheni kwenye miche michanga siku hiyohiyo, mitatu au minne, kwa kuwa mmoja haushiki kila mara. Mti mzee ukianguka, ng'oeni kisiki na mizizi iliyooza, jazeni shimo udongo mpya na samadi, mpande mche palepale kwenye mstari mvua zikianza. Kisha andikeni kwenye daftari la nyumba mwaka, aina ya mti na jina la aliyebebesha.